Kwa unayeanza utafiti wa kiwewe katika fasihi ya Kiswahili

Siku hizi mapendekezo mengi ya utafiti yanakuja na nadharia ya kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha (trauma). Mwanafunzi anaorodhesha mihimili mitano, anachagua riwaya yenye damu, kisha sura ya nne nzima, ile ya uchambuzi, inakuwa ni kutafutia kila mhimili mfano wake. Usiingie kwa mlango huo.

Nadharia hii ina kwao. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi katika mwongozo wao wa maradhi madhara yanayomkuta mtu baada ya tukio la kutisha. Mwaka 1996 mhakiki wa Marekani Cathy Caruth, akimsoma upya Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, akadai kwamba pigo kubwa halishikiki linapotokea. Humrudia mtu baadaye, kwa ndoto na marudiorudio. Wahakiki wengi waliomfuata wakapenda zaidi maandishi yaliyovunjikavunjika. Mhakiki wa Ubelgiji Stef Craps aliwahoji mwaka 2013: mbona kipimo hicho kinawapita waliotawaliwa na wakoloni? Msome yeye kabla hujaandika mhimili hata mmoja.

Kisha kaa na diwani ya Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", akatunga gerezani kwenye karatasi za chooni, na diwani ikatoka 1973. Tafuta humo lugha iliyovunjika. Hupati; vina vimetimia, mizani imetimia. Ukishikilia kipimo cha kuvunjika utaandika kwamba kiwewe hakimo, na utakuwa umekosea. Jiulize badala yake: mfungwa aliyenyang'anywa karibu kila kitu anapata nini katika kuhesabu mizani? Hapo pana tasnifu nzima. Soma na shairi la "Kuno Kunena" humohumo, anapohoji kwa nini kusema kwake kumemletea chuki. Huyu hakushindwa kusema. Alisema, dola ikamfunga. Kimya cha nafsi na kimya cha kuzibwa mdomo ni vitu viwili, na nadharia imezoea kile cha kwanza.

Mtego huohuo umo katika Haini ya Adam Shafi. Riwaya ilitoka 2003, ilhali inaegemea kamatakamata ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume, Aprili 1972. Utashawishika kuuita muda huo "ucheleweshaji" wa Caruth. Kwanza uliza kama mwaka 1975 mtu angethubutu kuichapisha.

Jambo jingine, dogo ila linawaponza wengi: usimpime mwandishi maradhi. Si mgonjwa wako.

Uhakiki wa ikolojia, masomo ya Bahari ya Hindi, fasihi na ulemavu, yote yanavuma sasa na yote yanataka tahadhari hiyohiyo.

Msimamizi akikuuliza pengo la utafiti liko wapi, usimjibu kwamba hakuna aliyewahi kutumia nadharia hii kwenye kitabu hiki. Hilo halimtoshi, wala mimi halinitoshi. Mwonyeshe ubeti ambao nadharia inashindwa kuueleza, mstari kwa mstari.