Kifurushi cha tar kimefika Faza, folda haifunguki

SWALI: Assalaam alaykum. Nina skripti inayofunga msimbo wa programu ya ratiba ya shule kwa tar, programu inayokusanya faili nyingi kuwa kifurushi kimoja (`tar -czf`). Hapa Lamu mjini kila kitu kinakwenda. Kifurushi kikifunguliwa Faza, kisiwani Pate, jina `maktaba` lipo, lakini `ls`, amri ya kuorodhesha faili, hulionyesha jekundu na programu haianzi. Nimeshauriwa niongeze `-h`. Ni sawa?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam. Usiiongeze kwanza. Hiyo `maktaba` si folda, ni simlinki, yaani jina linaloelekeza mahali pengine. Tar huifunga vile ilivyo: hubeba anwani, mzigo huuacha nyumbani. Hakikisha hivi:

`tar -tvf ratiba.tar.gz | grep '^l'`

Ukiona mshale `->` na njia inayoanza na `/home`, ugonjwa ndio huo. Njia hiyo iko kwenye kompyuta yako tu.

Chaguo la `-h` hufuata kila simlinki bila kubagua. Ikiwa moja yaelekea kwenye faili lako la nywila nje ya mradi, nywila nazo zitapanda boti. Ikiwa nyingine yarudi kwenye folda mama, tar yaweza kuzunguka humo humo. Na iliyovunjika huleta kosa, kwa hiyo skripti yenye `set -e`, agizo la kusimama kosa likitokea, hukatika njiani.

Zitenganishe. Zinazobaki ndani ya mradi ziache, ilimradi njia zake zisianze na `/`. Ukiziunda upya kwenye Linux tumia `ln -sr`, ambayo huandika njia isiyoanza na `/`. Zinazotoka nje ndizo za kushughulikia. Tengeneza nakala kando ya mradi wenyewe, `cp -a ratiba ratiba-safari`. Ukiiweka kwingine, njia za `../` zitapotea. Ingia ndani yake, kisha orodhesha simlinki zinazotoka nje:

```
mzizi=$(pwd -P)
find . -type l | while IFS= read -r k; do
  case "$(readlink -f "$k")" in
    "$mzizi"/*) ;;
    *) echo "$k" ;;
  esac
done
```

Orodha hiyo ipitie kwa macho. Unayoihitaji kweli, igeuze kuwa folda halisi:

`cp -rL maktaba maktaba.mpya && rm maktaba && mv maktaba.mpya maktaba`

Kwenye `rm` usimalizie jina kwa `/` wala usiongeze `-r`. Tunalisisitiza hili kwa sababu kitufe cha Tab huweza kuiweka hiyo `/` chenyewe, na hapo amri yaweza kulenga folda ya asili. Mwisho tafuta zilizovunjika kwa `find . -xtype l`, isipotoa kitu, funga kwa tar bila `-h`.

Anayetumia zip ajue mambo ni kinyume: `zip -r` hufuata simlinki, `zip -ry` huzihifadhi.

Tena, ikiwa mzigo unakwenda kwa flashi, mwambie wa Faza akinakili kifurushi kwenye diski ya kompyuta ndipo akifungue. Flashi nyingi hutumia mfumo wa faili wa FAT32 au exFAT, na hiyo haihifadhi simlinki kabisa. Atapata makosa hata kama kifurushi ni kizima.