Jibu kwa mtarajali (daktari aliyemaliza chuo na yuko kwenye mwaka wa mazoezi) aliyeuliza: nimepata mgonjwa wa ajabu wodini, naruhusiwa kumwandika?

Dokta, umesema una mgonjwa mwenye hali ambayo hata mabingwa wako hawajawahi kuiona, umeshapiga picha, na unataka kujua kama mtarajali anaweza kuandika kitu au utafiti ni wa maprofesa wa Muhimbili. Hilo la maprofesa halinisumbui. Chikungunya, homa ya virusi inayoumiza viungo, iliandikwa kutoka huku kwetu, uwanda wa Makonde, baada ya mlipuko wa 1952, na Marion Robinson aliyeeleza dalili zake alikuwa daktari wa kutibu watu hukohuko kusini. Makala ilitoka 1955. Watoto wa Mahenge waliokuwa wakitikisa kichwa halafu wanapata kifafa waliandikwa na Louise Jilek-Aall, aliyekuwa akiendesha kliniki ya kifafa hukohuko miaka ya 1960. Wageni wote wawili, ndiyo. Wenyeji waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa haohao nao walikuwa na macho, ila majina yao sijayaona popote, na mimi hilo huniudhi.

La kuandika nitakujibu kwa mgonjwa wetu mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.

Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mbeba mizigo sokoni. Alishazunguka zahanati akipimwa Widali na kutibiwa taifodi mara kadhaa. Amekonda, anatapika, akisimama kizunguzungu. Kwetu makohozi yakapimwa, TB ikaonekana, akaanzishiwa dawa, sote tukapumua. Wiki ya pili akarudishwa amebebwa. Presha iko chini kabisa, sukari nayo imeshuka. Ukimwekea maji presha inapanda, yakiisha inaanguka tena. Kwenye raundi tukabishana: maambukizi kwenye damu? Dawa zimemkataa? Kipimo cha VVU kilikuwa safi.

Aliyetufungua macho ni sista wa zamu ya usiku. Mke alikuwa ameshatuambia kwamba mumewe anapenda sana chumvi, haachi kuitia kwenye embe bichi, na hakuna aliyeshtuka. Nani Dar anakula embe bichi bila chumvi na pilipili? Sista akasema, jamani, huyu hana embe. Anamimina chumvi kiganjani analamba hivihivi.

Tukamsogeza dirishani kwenye mwanga. Mistari ya viganja myeusi, fizi zimepiga weusi, kovu la zamani la gotini jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Ndugu walikuwa wameona anavyozidi kuwa mweusi, wakasema ni jua la sokoni. (Shangazi yake alikuwa na maelezo mengine, tuyaache.) Sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, ikarudi 116, chini mno, na potasiamu iko juu.

Ni ugonjwa wa Addison: tezi zinazokaa juu ya figo zimeharibika na hazitoi tena vya kutosha homoni zinazoshikilia presha, sukari na chumvi mwilini, kotisoli ikiwemo. Thomas Addison aliueleza London mwaka 1855, na kadhaa kati ya wagonjwa wake walikuwa na TB ndani ya tezi hizo. Sasa ongeza rifampisini, mojawapo ya dawa za TB alizoanzishiwa. Dawa hii inalifanya ini livunje kotisoli haraka zaidi, kwa hiyo kile kidogo kilichokuwa kimebaki kikaisha, na mtu akaangushwa na dawa ileile inayomponya. Tulichukua damu ya kotisoli ikapelekwa maabara ya nje, na haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, tukampa bila kusubiri jibu. Kesho yake alikaa mwenyewe akaulizia ugali. Dozi ilibidi iwe kubwa kuliko kawaida kwa muda wote aliokuwa kwenye rifampisini; hilo wengi hulisahau.

Tulipokaa kuandika, rafiki yangu mmoja alitaka kichwa cha habari kiwe "mgonjwa adimu". Nikakataa. Addison imo kwenye vitabu vyote. Kilichonisumbua ni wale wengine: wagonjwa wa TB wanaoanguka wiki ya pili au ya tatu, wanafariki, na tunaandika kwamba TB ilikuwa imemzidi. Wangapi kati yao walikuwa kama huyu? Swali hilo linapima watu wa kawaida kabisa, na kwangu ndilo lililofanya taarifa ya mtu mmoja istahili kuandikwa. Kuna utafiti uliochapishwa 2014 uliouliza swali la kawaida namna hiyo: watoto 1,005 wenye homa, Dar na Ifakara, wanaumwa nini hasa? Malaria ilikuwa kama mmoja kwa kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ya homa zote ilitokana na virusi. Homa tunayoiona kila asubuhi, wala si ugonjwa wa kigeni.

Nilifungua vitabu vya MTUHA, rejesta za wagonjwa za hospitali, kutafuta jibu la swali langu. Vinakupa umri, jinsia, "TB", "amefariki". Sodiamu hakuna, presha ya kulala na kusimama hakuna. Kwa hiyo ukitaka kujua lazima uanze kupima kuanzia sasa kwenda mbele, na hapo unahitaji andiko la utafiti, barua ya mganga mfawidhi na kibali cha maadili, cha chuo au cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Inachosha. Mtafute bingwa mmoja mwenye subira akushike mkono.

Kwa taarifa ya mgonjwa mmoja, jambo la kwanza ni idhini yake kwa maandishi, kwa Kiswahili, ukimweleza waziwazi kwamba jarida likiwa mtandaoni hata jirani yake anaweza kulisoma. Wetu aliuliza kama atalipwa, nikamwambia hapana. Akaondoka na fomu akashauriane na kaka yake, akairudisha imesainiwa. Ulizia pia hospitalini kwako kama kamati inataka kuiona kabla hujaituma. Na jarida litakalokuandikia barua pepe ya kukusifia, likiahidi kuchapisha ndani ya wiki ukilipa dola, achana nalo.

Sasa hizo picha. Kisanduku cheusi machoni hakimfichi mtu. Kanga aliyojifunika, chale, pete, mtaa mzima unazijua. Kama zimeshaingia kwenye kundi lenu la WhatsApp, ziondoe leo. Kisha rudi wodini umwombe idhini kabla hajaruhusiwa, kwa sababu akishapanda daladala la Chanika humpati tena: namba ya simu iliyo kwenye faili mara nyingi ni ya shemeji, na shemeji hapokei namba ngeni.