Ukiongeza deksa, umejiongezea zamu

Wadogo zangu wa ganzi, nimewatazama mkimimina deksa (deksamethasoni, dawa inayorefusha ganzi) kwenye kila bloku, yaani sindano ya ganzi kando ya mshipa wa fahamu, kama bizari kwenye mchuzi. Ukimuuliza mtu sababu, anajibu, "Ndivyo tunavyofanya." Haya, sikilizeni habari za vitu vitatu mnavyochanganya na dawa ya ganzi.

1. Adrenalini: ampuli ni miligramu 1 kwa mililita. Kwenye mililita 20 za dawa ya ganzi weka mililita 0.1, upate maikrogramu 5 kwa mililita. Pima kwa bomba dogo, si kwa jicho. Ganzi ya bupivakaini, adrenalini haitairefusha sana. Faida yake ni kukushtua. Mapigo yakipanda ghafla, uko ndani ya mshipa wa damu. Acha kusukuma.

2. Klonidini hushusha presha na mapigo. Mzee ambaye moyo wake unajikokota, mwacheni.

3. Deksa na ropivakaini, dawa nyingine ya ganzi, haziivi chungu kimoja: hufanya chembechembe humo humo kwenye bomba. Kwa bupivakaini inakubali, na hapo ndipo nilipoaibika. Mama mmoja, mkono umevunjika, nikampiga bloku ya supraklavikula (juu ya mtulinga) na deksa miligramu 4. Ikashika barabara, mpasuaji akanisifu, kichwa kikavimba. Kwenye faili nikaandika "bloku imefanyika", nikaenda zangu. Deksa sikuitaja, wala mama hakuambiwa kwamba mkono ungelala mpaka kesho. Jioni binti yake akamletea chai kwenye kikombe cha bati. Vidole vilivyochomoza kwenye plasta vikaegemea kikombe, wao wanapiga soga. Aliyeona malengelenge ni sista wa usiku. Asubuhi vidole bado havinyanyuki, mpasuaji anauliza kama nimechoma mshipa wa fahamu, na faili halina la kumjibu. Mimi nimeduwaa, nahesabu saa mbele ya wodi nzima. Ganzi ilitoka kabla ya mchana. Mama akanitazama: "Dawa yako kali, daktari, lakini si ungesema?"

4. Kwa hiyo andika kila kilichoingia, kiasi na saa. Mwambie mgonjwa, na anayemletea chakula pia.

5. Mguu wa chini umevunjika na umevimba? Ongea na mpasuaji kwanza. Shinikizo la misuli, uvimbe unaobana damu isipite, hujificha chini ya ganzi ndefu.

6. Deksa ya kwenye mshipa wa damu nayo hurefusha bloku, hivyo si lazima uipeleke kwenye mshipa wa fahamu. Mwenye kisukari, fuatilia sukari yake.

Na wewe uliyeniuliza kama uchanganye zote tatu: hapana. Nenda kalale.