Gurudumu la akiba: niliyojifunza kwenye rali kuhusu hisa na bondi

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Una shilingi 400,000, na zote unataka kununulia hisa za kampuni moja kwa kuwa zimekuwa zikipanda tangu Januari. Kuna mtu amekuambia kuwekeza ni kama mbio za magari, anayeogopa kukanyaga mafuta hashindi, nawe unauliza kama ni kweli. Nimekuwa fundi wa magari ya rali miaka tisa, na hisa za soko la Nairobi nilianza kununua 2014. Nitakujibu kwa niliyoyaona pande zote mbili.

Huyo mshauri wako ana picha ya magari yanayozunguka kwenye lami laini. Safari Rally, rali yetu ya Kenya, ni kitu kingine. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na 1968 yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, mwelekezi wake anayekaa kando na kumsomea njia, ndani ya Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilipanda kama teksi. Lilishinda kwa sababu lilikuwa bado linatembea wakati mengine yamezama kwenye matope. Hata 2021, mashindano ya dunia yaliporudi kwetu baada ya miaka 19, Thierry Neuville aliongoza mpaka Jumapili asubuhi, shoki ya nyuma, kile kifaa cha kupunguza mtikisiko, ikamharibikia, safari yake ikaishia hapo. Sébastien Ogier, ambaye Ijumaa alikuwa amepoteza kama dakika mbili kwa hitilafu ya aina hiyohiyo, ndiye aliyeondoka na kombe.

Sasa nikueleze kuhusu magurudumu, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Gari la rali huweza kubeba gurudumu moja la akiba au mawili. La pili ni uzito wa kilo ishirini na kitu, na dereva yeyote mwenye haraka atakuomba ulitoe. Msimu mmoja, kwenye mkondo (kipande cha njia kinachopimwa muda) wa huku Bonde la Ufa, dereva wetu aliomba hivyo nami nikakubali. Pancha ya kwanza wakabadilisha vizuri. Ya pili ikaja kilomita kumi na moja mbele, kwenye mawe, na hawakuwa na kitu. Tuliwafuata jioni kwa pikapu. Gari lilikuwa zima kabisa, injini haina doa, limekaa tu kando ya njia.

Ungedhani baada ya hapo ningejua. Mwaka 2021 nilikuwa na karibu akiba yangu yote kwenye hisa za kampuni moja, kampuni nzuri, inayopata faida na kulipa gawio. 2022 riba zikapanda Marekani, wawekezaji wa nje wakauza hisa zao Nairobi na kuondoka, bei zikaporomoka. Kampuni yenyewe iliendelea kufanya biashara kama kawaida. Lakini mwanzoni mwa mwaka uliofuata binti yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, ada inadaiwa, na sikuwa na senti nje ya hisa zile. Nikauza kwa bei iliyokuwa chini sana ya niliyonunulia. Nilifikiria lile gari zima lililokaa kando ya njia.

Kwa hiyo gurudumu lako la akiba ni pesa unayoweza kuifikia ndani ya siku mbili tatu bila kuuza chochote kwa hasara: mfuko wa soko la fedha, unaokusanya akiba za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi. Hati za hazina za siku 91, yaani mkopo mfupi kwa serikali, zinafaa kwa sehemu unayoweza kuingojea, ukizipanga ziive kwa zamu. Ndiyo, pesa hizo zinakupunguzia mwendo wakati hisa zinapaa. Libebe hivyo hivyo.

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni: mkondo hupitwa mara mbili. Asubuhi barabara ni vumbi laini, mchana magari yameshaifukua na mawe yako juu. Mwelekezi anayesoma maelezo ya njia ya asubuhi bila kuyarekebisha anampeleka mwenzake kwenye mwamba. Bondi, yaani kuikopesha serikali kwa miaka kadhaa kwa riba, zilinifundisha hilo tena. Jirani yangu alinunua bondi ya miaka 15 ya riba ya kama asilimia 13, akaamini kwamba bondi ya serikali haiwezi kumtia hasara. Februari 2024 serikali ikatoa bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa asilimia 18.46, tena isiyokatwa kodi. Nani angenunua ya jirani yangu kwa bei kamili? Yeye alikuwa na haja ya pesa, ikabidi aiuze kwa punguzo kubwa. Angeweza kungoja hadi iive angelipwa yote. Kabla ya kununua bondi, linganisha urefu wake na siku utakayohitaji pesa hizo.

Kuhusu kuangalia bei kila saa, sina mengi. Gari hufunguliwa kwenye uwanja wa matengenezo, kwa muda uliopangwa. Mimi hukagua pesa zangu Juni na Desemba. Hisa zikizidi sehemu niliyoziwekea, napunguza, basi.

Kwa laki nne zako, mimi ningeanza hivi: laki moja na nusu ya akiba, ya kufikiwa haraka. Laki moja kwenye bondi (Benki Kuu inapokea kuanzia 50,000). Iliyobaki kwenye hisa, za kampuni tatu au nne za sekta tofauti, tena ukinunua kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Hiyo kampuni unayoipenda iwe mojawapo, sikukatazi.

Ila kuna jambo hukulisema, na bila hilo hesabu yangu inaweza kuwa si yako: kati ya sasa na mwisho wa mwaka ujao, kuna ada, kodi ya nyumba au deni lolote linalotegemea pesa hizi? Niandikie mwezi na kiasi, nitakaa nayo Jumapili nikupangie upya.