Beki anayehama kila msimu ana kasoro? Jibu la mtu aliyezungushwa

Mleta mada anasema mdogo wake ni beki wa kati, ana miaka 24, ameshapita timu nne, na nyumbani wameanza kusema kijana hatulii. Wachangiaji wa juu wamemjibu kwamba beki mzuri hukaa, na ukiona anahamahama ujue kuna kasoro inafichwa. Nimecheza namba hiyo hiyo. Nilianza Daraja la Kwanza kabla halijaitwa Championship, nikagusa Ligi Kuu, nikashuka, nikapanda tena na timu nyingine, nikamalizia mikoani. Timu zangu sitazitaja kwa sababu baadhi yake bado nazidai.

Wakuu, tenganisheni kwanza mtu aliyehama na mtu aliyehamishwa. Washabiki mnaona jezi mpya tu, mnadhani jamaa kakaa kwao akaamua kuondoka. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, ligi imeisha, simu ya katibu haipokelewi, na siku moja unaona picha yako kwenye ukurasa wa klabu imeandikwa "Thank You". Mimi ya kwanza nilitumiwa na binamu yangu akinipa pole, nikiwa kwenye daladala, kabla klabu haijanipigia. Hapo nilikuwa nimecheza karibu mechi zote za mzunguko wa pili.

Kwa nini mwaka mmoja mmoja? Kwa sababu timu ndogo haijui mwakani itakuwa ligi gani, wala mfadhili atakuwa nani, wala viongozi watakuwa wale wale. Ikimpa beki miaka mitatu halafu ikashuka, mkataba unabaki shingoni. Mshambuliaji mwenye magoli kumi na kitu wanaweza kumfunga kwa miaka miwili wakitegemea kumuuza. Beki wa kawaida nani anamnunua? Anasubiriwa mkataba uishe, achukuliwe bure. Na sisi wenyewe tunachangia, tuseme ukweli. Kwenye timu nyingi hela unayoishika kweli ni dau la usajili. Mshahara ni ahadi. Kijana akishajua hivyo, anaona bora asaini upya kila mwaka ashike dau jipya kuliko kusaini miaka mitatu na kulipwa dau mara moja. Nyumbani wanaita kutotulia, kumbe ni hesabu.

Halafu kuna suala la kocha, na hili ndilo linalotuua sisi wa nyuma kuliko watu wa mbele. Kocha mpya akija, mshambuliaji ana idadi ya magoli ya kumwonyesha. Kiungo ana pasi za mwisho. Wewe una nini? Goli ambalo halikufungwa halimo kwenye takwimu yoyote. Kilichomo ni lile moja ulilochelewa kupanda wenzako walipoweka mtego wa kuotea, na hilo limo kwenye video, linarudiwa kila wiki. Kwa hiyo kocha mpya anakuja na kitasa wake, yaani beki wa kati, anayemwamini kutoka alikotoka, na wewe unakaa benchi kabla hujapiga hata kichwa kimoja mbele yake. Dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, likifunguka unaambiwa tafuta timu ya mkopo. Hukukosea kitu.

Kuna mchangiaji kamtaja Pascal Wawa, beki wa kati wa Ivory Coast, kama mfano wa beki "mhamaji". Mfano mzuri, ila kausoma upande mmoja. Tumfuate kidogo. Ametoka ASEC Mimosas ya Abidjan, akaenda El Merreikh ya Omdurman, mwaka 2014 akatua Azam. Mwanzoni mwa 2015 droo ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikawapanga Azam na El Merreikh hiyo hiyo; Azam wakashinda 2-0 kwenye uwanja wao wa Chamazi, wakaenda kupigwa 3-0 kule Omdurman. Katikati ya mwaka huo Azam wakachukua Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, hapa Dar kwa kuifunga Gor Mahia 2-0 fainali, na mashindano yote hawakuruhusu goli hata moja. Ukuta ulikuwa Wawa, Aggrey Morris na wenzao mbele ya kipa Aishi Manula. Baadaye akarudi Sudan, kisha Simba mwaka 2018, na mwaka 2022 akamalizana na Simba akaenda Singida Big Stars.

Ukiiandika hivyo kwenye karatasi unaona mtu asiyetulia. Sasa angalieni alikuta nani pale Simba. Mwaka 2017, mwaka mmoja kabla yake, Simba walikuwa wameshawabeba kutoka Azam Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco. Yaani Wawa anaingia Simba akiwa na miaka 32, golini yupo kipa aliyecheza naye, kulia yupo beki aliyecheza naye, na Nyoni anayeweza kusimama kando yake naye wametoka wote Chamazi. Karatasi inasema timu mpya. Ukuta ni ule ule, umebadilishiwa jezi. Akakaa misimu minne, ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, 2018/19 hadi 2020/21, na robo fainali za Afrika juu yake. Yule mchangiaji aliyeandika "alipata bahati Simba" nadhani hakuliangalia hili. Beki hahami peke yake akabaki beki yule yule. Akihamia kwa watu anaowajua, anaonekana mzuri kuliko alivyo. Akihamia kwa wageni watupu, anaonekana mbovu kuliko alivyo, angalau kwa miezi miwili ya kwanza.

Hiyo miezi miwili niieleze maana sijaona mtu akiigusa. Mimi nikifika kambi mpya, mtu wa kwanza niliyekuwa namtafuta si kocha, ni kipa. Jioni ya kwanza, kabla hata ya kujua chumba changu, namfuata: kona ikipigwa unatoka au unabaki? Ukitoka unaitaje? Wapo wanaoita "yangu", wapo wanaoita "kipa", na wapo wanaotoka kimya kimya, hao ndio hatari. Nimewahi kugongwa pua na ngumi ya kipa wangu mwenyewe kwenye mechi ya kirafiki kwa sababu kule nilikotoka kipa alikuwa habanduki kwenye mstari. Baada ya kipa ni pacha wako wa kati: nani anaruka mpira wa kwanza, nani anabaki kuokota wa pili; mpira ukipita mgongoni kwa beki wa kushoto nani anatoka kufunika. Vitu hivi havifundishwi ubaoni vikaingia. Vinaingia kwa kufungwa. Timu kubwa inaweza kuvumilia ufungwe mara mbili tatu ukijifunza. Timu inayopigania kubaki haina muda huo. Mechi ya nne uko benchi, na mwisho wa msimu unaambiwa hukuonyesha kiwango.

Na viwanja navyo. Mtu anatoka Kaitaba pale Bukoba kwenye nyasi bandia, mpira unadunda sawasawa na unaukadiria vizuri, anahamia timu ya Mbeya anacheza Sokoine, mita kama 1,700 juu ya bahari, mvua imenyesha, mpira unateleza na pumzi haitoshi. Au anapelekwa Mtwara, Nangwanda Sijaona saa kumi jioni na lile joto. Kwa winga ni usumbufu. Kwa beki wa mwisho, hatua moja uliyokadiria vibaya ni goli.

Tusisahau pia kwamba wakati mwingine mchezaji amekaa na timu ndiyo iliyoondoka. Abdi Banda, kijana wa Coastal Union aliyepita Simba, alikwenda Baroka ya Limpopo, Afrika Kusini, mwaka 2017. Mwaka uliofuata Baroka wakachukua kombe la Telkom Knockout kwa kuwafunga Orlando Pirates kwa penalti fainali, kombe lao kubwa la kwanza. Akahamia Highlands Park ya Tembisa. Mwaka 2020 Highlands Park wakaiuza nafasi yao ya ligi kuu kwa TS Galaxy, basi, timu ikawa haipo. Banda akaja kuonekana Mtibwa Sugar, kisha akarudi kule kule Afrika Kusini, Chippa United na Richards Bay. Nani atamwambia huyo hatulii? Na huku kwetu ni hivyo hivyo. Hiyo Singida Big Stars aliyokwenda Wawa ilipanda ligi ikiwa inaitwa DTB. Msimu uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, baadaye ikabaki Fountain Gate na kuhamia Manyara, na Ihefu ya Mbeya ndiyo ikaja kuwa Singida Black Stars. Ukisimama hapo hapo bila kusogea unaweza kumaliza miaka mitatu na majina matatu kwenye wasifu wako. Wakala wa nje akiuona anauliza maswali.

Kingine ni wageni. Ligi Kuu imeruhusu hadi wachezaji 12 wa kigeni kwa timu. Sipingi, ligi imepanda, na mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021 wa miaka kumi umeleta hela ambayo enzi zetu haikuwepo. Ila timu inapotafuta wageni, uti wa mgongo ndio wanaoujaza kwanza: kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji, mshambuliaji. Beki wa pembeni mzawa ana nafuu. Kitasa mzawa anabaki kugombania nafasi moja na wazawa wenzake, na anayekosa anashuka ngazi au anakwenda kwa mkopo. Hiyo ni timu moja zaidi kwenye orodha ya huyo mdogo wako, na sababu yake haimo miguuni mwake.

Sasa sisemi wote wanaohama hawana tatizo. Wapo. Nimekaa kambi moja na beki mwenye mwili, kasi, kila kitu, aliyekuwa akiachwa kila msimu kwa sababu ya ulevi, na kila timu mpya ilimsajili kwa kuangalia video. Njia rahisi ya kumtambua ni kutazama anaondoka lini na anapokelewa na nani. Anayeondoka mwisho wa mkataba na kuchukuliwa na kocha aliyewahi kumfundisha, huyo hana shida. Kocha hamrudii mtu aliyemchosha. Anayeondoka dirisha dogo kila mwaka, halafu hakuna kocha hata mmoja aliyemfuata tena, hapo muulizeni vizuri.

Kwa mdogo wako, mkuu, mimi ningefanya haya. Asishindane na hesabu ya timu, aangalie dakika. Timu nne kwa dakika nyingi ni bora mara mia kuliko timu moja kubwa anakopasha misuli. Kabla hajasaini aulize mambo mawili ambayo vijana hawaulizi: kocha ana mkataba wa muda gani, na pacha wake wa kati atakuwa nani. Kama jibu la swali la kwanza ni "kocha tunatafuta", asubiri. Kuhusu dirisha dogo awe makini sana, maana kanuni za FIFA zinamruhusu kusajiliwa timu tatu kwa msimu lakini mechi rasmi achezee mbili tu. Akishacheza kwa wawili na huyo wa pili akamtelekeza, msimu umemwishia hapo, labda abahatishe ndondo za mtaani.

Mshahara. Klabu ikikaa miezi miwili bila kulipa, ana haki ya kuandika barua ya kuwadai na kuwapa siku 15. Wasipolipa anaweza kuuvunja mkataba kwa sababu halali na bado akawadai. Mimi hili nilikuwa silijui, nilikuwa naondoka kwa hasira tu, nabeba begi, halafu klabu inadai mimi ndiye nimetoroka kambini. Barua iandikwe, nakala abaki nayo, na asitegemee maongezi ya WhatsApp na meneja. Ikifika Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, wanataka karatasi. Na mkataba wenyewe abaki na nakala iliyosainiwa pande zote. Utashangaa ni vijana wangapi wanasainishwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, wanapigwa picha na jezi, na karatasi zote zinaondoka na kiongozi. Ukimuuliza mkataba wako unaisha lini, anakwambia "nadhani mwakani".

Ikibaki miezi sita mkataba uishe, anaruhusiwa kuzungumza na timu nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Autumie muda huo, asisubiri ile picha ya "Thank You". Wanaosubiri ndio wanaojikuta Julai hawana timu, wanasaini yoyote inayokuja, na mwakani habari ni ile ile.

Kama ana ofa mezani sasa hivi na anataka nimsomee mkataba, anitumie PM. Afiche jina la timu na kiasi cha fedha, mimi nataka kuona kipengele cha muda na cha kuvunja mkataba tu.