"Elfu kumi na tano" ni shilingi ngapi?

Swali: Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Katika muhtasari wa kikao niliandika kwamba mwanachama mmoja amelipa "shilingi elfu kumi na tano". Mweka hazina akaniambia nifute, kwa kuwa elfu kumi na tano ni 10,005. Anataka niandike "kumi na tano elfu". Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Usifute, ndugu katibu. Kwa Kiswahili kinachosemwa na kuandikwa leo, shilingi elfu kumi na tano ni 15,000, na ndivyo atakavyoelewa karani wa benki, mwenye duka na hakimu. Lakini mweka hazina wako hakuzua tu. Utata anaousema umo kweli katika namna yetu ya kuhesabu, na inafaa tujue umetoka wapi.

Kiswahili hutanguliza kinachohesabiwa, idadi ikafuata: vitabu vitatu, siku nne. Mia, elfu, laki na milioni nazo tumezipanga hivyo hivyo, kana kwamba ni vitu: mia tatu, elfu nne. Neno elfu tumelipata kutoka Kiarabu, ila Mwarabu akitaja 15,000 hutanguliza kumi na tano, kisha elfu. Sisi tulichukua neno lake tukaliingiza katika mpangilio wetu wa Kibantu.

Kwenye mia mpangilio huu hauna taabu. Mia haziwezi kuzidi tisa, maana zikifika kumi zimeshakuwa elfu. Kwa hiyo ukisema mia mbili na tano, kila mtu anajua kwamba mbili ni idadi ya mia, na tano imesimama peke yake: 205. Elfu hazina mpaka wa karibu namna hiyo. Zinaweza kuwa kumi, kumi na tano, hata tisini na tisa. Anayesikia "elfu kumi na tano" hana alama ya kumwonyesha hesabu ya elfu imekomea kwenye kumi au kwenye tano. Hapo ndipo mazoea yanapoamua, na yameamua 15,000.

Hata hivyo, mara nyingi hatuhitaji kutegemea mazoea, kwa sababu upatanisho wa ngeli unatupa jibu. Tazama sentensi hizi mbili:

Walihudhuria watu elfu kumi na tano.
Walihudhuria watu elfu kumi na watano.

Ya kwanza ni watu 15,000. Tano imebaki bila kiambishi kwa sababu inahesabu elfu. Ya pili ni watu 10,005: elfu kumi zimekwisha, na hao watano ni watu waliozidi, ndiyo maana wamechukua wa-. Vivyo hivyo, vitabu elfu ishirini na vitatu ni 20,003, na vitabu elfu ishirini na tatu ni 23,000. Silabi moja inabeba tofauti ya karibu elfu tatu, na mtoto aliyekulia katika Kiswahili huiweka mahali pake bila kufundishwa. Mimi huona hapa ni pahali pamoja ambapo sarufi yetu inastahili kusifiwa kwa sauti.

Kwa bahati mbaya, silabi hiyo ndiyo inayoharibiwa mara kwa mara na watu wanaodhani kupatanisha kila mahali ndiko kuandika sanifu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120. Kwa maneno: watu milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Anayeandika "watu milioni sitini na mmoja" amewafuta watu karibu milioni moja, kwa kuwa maneno yake yanamaanisha 60,000,001.

Sasa mbona upatanisho haukukusaidia wewe? Kwa sababu shilingi, kama nyumba na siku, iko katika ngeli ambayo tano hubaki tano. Sita, saba, tisa na kumi nazo hazipatani na ngeli yoyote: watu elfu kumi na sita hawatoi dalili ya namna yoyote. Kwa hiyo utata unabaki hasa penye fedha, pale tunapouogopa zaidi. Waswahili wamekwisha kuutatua kwa kurudia jina la kitu: 10,005 ni "shilingi elfu kumi na shilingi tano". Huo ndio uandishi ninaoupendekeza, pamoja na tarakimu kando.

"Kumi na tano elfu" anayoitaka mweka hazina ina watumiaji wake, nami siiiti kosa. Siipendekezi tu kwa muhtasari, kwani ukitanguliza idadi hapa itakupasa uitangulize kote, na "tatu elfu" itamfanya msomaji wako asite.

Kuna na laki, neno lililotufikia kutoka India, ambako bado huhesabu kwa malaki. Wako wanaoliona la sokoni tu na kuandika "elfu mia moja na ishirini" wakidhani ndiyo adabu ya maandishi. Maneno hayo yanaweza kuwa 120,000 au 100,020, na hakuna ngeli itakayoamua. "Laki moja na elfu ishirini" haina mashaka, kwa kuwa laki, kama mia, haizidi tisa: zikifika kumi ni milioni. Litumieni katika vitabu vya chama bila haya. Ila msiache elfu njiani kama wafanyavyo wafanyabiashara wanaposema "laki na ishirini" wakimaanisha 120,000. Wanaopatana bei uso kwa uso wanaelewana. Atakayesoma mkataba miaka kumi baadaye hakuwapo.