Mashimo Yanafanana, Moto Haufanani

Wiki hii nimemwona tena mdogo wetu mmoja kachomeka kinanda kwenye tundu la maiki la mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti; geini, kirungu cha kukuza sauti inapoingia, iko saa nane, taa nyekundu imeganda, naye kakazana kushusha feda, kile kitelezi cha sauti inayotoka! Mdogo wangu, sauti imeshapasukia mlangoni. Ukishusha feda unapata mpasuko ule ule, ila mdogo. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

1. Maiki hutoa milivolti chache tu, ndiyo maana inataka geini. Laini, yaani sauti ambayo kifaa kimeshaikuza, ina viwango viwili, na dBu na dBV ni vipimo vyake tu. Ya vifaa vya kazi, ile ya +4 dBu, ni volti 1.23. Ya vifaa vya nyumbani, -10 dBV, ni volti 0.316. Hapo kuna pengo la karibu desibeli 12, kwa hiyo kicheza muziki kikitoka kinyonge usianze kulaumu waya.

2. Gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) zisizo na betri si maiki, si laini. Lipitishe kwenye DI, kisanduku kinachoigeuza sauti yake iifae mikisa. Na DI uzihesabu kabla shughuli haijaanza, maana mimi sikuzihesabu.

3. Ndiyo, hapa ndipo nilipoungulia. Nilikuwa na miezi mitatu kazini na nilishajiita fundi. Mpiga gitaa kaja na amplifaya yake, DI zimeisha, maiki ya kumwekea sina. Nikachungulia nyuma: tundu la jeki. Mikisa nayo ina tundu la jeki. Waya ninao mkononi. Nikachomoa spika yake, nikaleta waya moja kwa moja chaneli ya 7. Maandishi juu ya tundu yalikuwepo, meupe, makubwa. Sikuyasoma.

Amplifaya ya wati 100 ikisukuma spika ya omu 8 kwa nguvu zote hutoa kama volti 28. Mlango wa laini unasubiri volti moja na ushee. Na yule bwana hakuwa mtu wa kupiga polepole. Kodi ya kwanza, nyuzi zikipigwa pamoja, ikatoka kama bati linachanwa. Ya pili, kimya. Kisha harufu. Nikainama nikanusa chaneli, halafu nikajifanya natafuta kalamu.

Bosi alipouliza nikamwambia chaneli ilikuja imekufa. Hakubishana. Akaushika waya, akaufuata kwa vidole mpaka nyuma ya amplifaya, akasoma lile neno kwa sauti: spi-ka. Kwa miezi miwili jina langu lilikuwa Chaneli Saba. Bahati amplifaya haikuwa ya valvu, zile taa za kioo za zamani. Ya valvu ukiiendesha bila spika inaweza kuunguza transfoma yake, na ningeitwa majina mawili.

4. Fantomu, umeme ambao mikisa huupeleka kwenye maiki zinazouhitaji, ni volti 48. Nyamazisha chaneli kabla ya kuiwasha au kuizima.

5. Geini chini kabisa, ndipo uchomeke.

Na wewe wa kinanda, waya wako nimeuhamishia laini. Usiurudishe.